Sifa Zinazoongezwa Programu Ikiwa Kazini: Safari ya Wazo Moja tangu Lisp

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili istilahi za kompyuta kwa upande wa tafsiri: neno gani lifae, lipi libaki kama lilivyokuja, lipi litupwe. Safari hii tunaomba wasomaji waturuhusu tuguse historia. Wanafunzi wetu wa tafsiri, hasa wale wanaosoma Kiswahili pamoja na sayansi ya kompyuta, hukutana na jambo moja ambalo mtu akilifasiri bila kujua lilikotoka hulipotosha. Jambo lenyewe ni kukiongezea sifa mpya kitu ambacho kimekwisha kuumbwa, huku programu ikiendelea kufanya kazi. Wengi huamini kwamba huo ni uzembe ulioletwa na wavuti. Sivyo. Wazo hili lilikuwapo kabla ya wavuti kwa zaidi ya miaka 30, watu wenye akili nyingi wamelipigania na kulipinga, na hadi leo kila lugha ya programu inaliamua kwa namna yake.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Kitu, katika uandishi wa programu, ni fungu la habari ndani ya kumbukumbu ya kompyuta linaloshughulikiwa pamoja: mwanafunzi, akaunti ya benki, kitufe kwenye skrini. Sifa ni habari iliyobandikwa juu ya kitu hicho kwa jina lake: umri, salio, rangi. Tumeona tafsiri zinazosema "mali" mahali hapa, nazo hatuzipendi, kwa sababu mali huuzwa na kurithiwa, na hakuna awezaye kuuza umri wa mwanafunzi. Neno la tatu ni lile ambalo wengi hulitafsiri "darasa", yaani utaratibu unaoamua vitu vya namna fulani viwe na sifa zipi. Sisi tutaliita ngeli. Mwalimu wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini: nomino ikishaingia katika ngeli yake, ngeli ndiyo inayotawala upatanisho wa sentensi nzima, na nomino haiwezi kujiamulia jambo peke yake.

Swali la makala haya basi ni hili: je, kitu kimoja kinaweza kupata sifa ambayo ngeli yake haikuitaja?

Jibu la kwanza lilitoka Marekani, na lilikuwa ndiyo. Mwaka 1958, katika chuo cha MIT, John McCarthy alianza kubuni lugha ya Lisp, na mwaka 1960 akachapisha makala maarufu kuihusu. Katika Lisp kila neno lililotumiwa na programu lilikuwa na orodha yake ya sifa. Hata maandishi ya jina lenyewe yalihifadhiwa humo, na pia amri zilizoitwa kwa jina hilo. Programu iliweza kuongeza sifa nyingine wakati wowote. Tuseme programu inashughulikia neno "embe". Asubuhi neno hilo lina sifa ya rangi tu. Mchana programu inajifunza kwamba embe ni tunda, inabandika sifa hiyo, na kazi inaendelea bila mtu yeyote kurudi nyuma kuandika upya. Hilo liliwafaa sana watafiti wa akili bandia, ambao ndio waliokuwa wateja wakuu wa Lisp, kwa kuwa hawakuweza kujua mapema programu zao zingejifunza nini. Lakini kulikuwa na gharama. Ili kupata sifa moja, mashine ililazimika kuitembelea orodha tangu mwanzo, kipande baada ya kipande, mpaka iikute. Orodha ikirefuka, kazi inachelewa.

Jibu la pili lilitoka Oslo, na lilikuwa hapana. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walifanya kazi katika kituo cha taifa cha Norway cha hesabu za kompyuta, na lugha yao ya Simula 67 ndiyo iliyoleta vitu na ngeli kwa namna tunayoifahamu sasa. Wao walishughulika na uigizaji: foleni ya magari yanayosubiri kulipia kuvuka daraja, kwa mfano, ambamo lori na basi yana mambo ya pamoja na mambo ya kila moja. Katika Simula sifa hutajwa zote ndani ya ngeli kabla programu haijaanza. Faida yake ni kubwa. Mashine inajua tangu mwanzo kwamba uzito wa lori uko mahali pa tatu, basi inakwenda moja kwa moja mahali pa tatu, haitafuti. Tena mwandishi akikosea tahajia ya jina la sifa, anaambiwa kabla programu haijatembea hata hatua moja. Dahl na Nygaard walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001, na wote wawili wakafariki mwaka uliofuata, 2002, kwa kupishana wiki chache tu.

Kwa hiyo mapema kabisa kulikuwa na njia mbili, moja ya wepesi wa mabadiliko na nyingine ya wepesi wa mwendo. Mengi yaliyofuata ni majaribio ya kupata vyote viwili.

Smalltalk, iliyobuniwa na Alan Kay na wenzake katika maabara ya Xerox huko Palo Alto kuanzia mwaka 1972, ilishika ngeli za Simula lakini ikaziacha wazi. Ngeli iliweza kufunguliwa mfumo ukiwa unafanya kazi, ikaongezwa sifa, na vitu vyote vya ngeli hiyo vilivyokwisha kuumbwa vikaipata. Kay amesimulia jinsi Steve Jobs alivyotembelea maabara hiyo mwaka 1979, akasema hakupendezwa na jinsi maandishi yalivyosogea kwa kurukaruka kwenye skrini. Dan Ingalls aliingia ndani ya mfumo uleule uliokuwa ukionyeshwa, akabadilisha, na kabla ya dakika moja kwisha maandishi yalikuwa yakiteleza. Hapo kilichobadilishwa kilikuwa tendo wala si sifa, lakini roho ya jambo ni ileile: programu haikuzimwa. Hata hivyo katika Smalltalk aliyeongezewa ni ukoo mzima. Kitu kimoja hakikuweza kupewa sifa ya peke yake.

Ruhusa hiyo ilitolewa na Self. Lugha hii haikupata umaarufu mitaani, nasi tunaona ni dhuluma ndogo ya historia, kwa kuwa mengi yanayofanyika leo ndani ya simu ya kila mtu yalitoka kwake. David Ungar na Randall Smith waliibuni mwaka 1986 wakiwa Xerox, na mwaka 1987 wakaieleza hadharani. Walichofanya ni kuondoa ngeli kabisa. Anayetaka kitu kipya huchukua kitu kilichopo, kukinakili, kisha kukiongezea au kukipunguzia anavyotaka. Kitu kisipokuwa na sifa inayoulizwa, swali hupelekwa kwa mzazi wake. Ni kama fundi seremala asiye na michoro: anachukua kiti kizuri kilichokwisha kutengenezwa, anaunda kingine kwa kukitazama, halafu hiki kipya anakitia mikono.

Wengi waliona lugha ya namna hiyo haiwezi kwenda kasi. Bila ngeli, mashine itajuaje sifa iko mahali gani? Kundi la Self, lililohamia chuo cha Stanford na baadaye kampuni ya Sun, lilijibu kwa ujanja ambao mwaka 1989 Craig Chambers, Ungar na Elgin Lee waliueleza kwa neno rahisi: ramani. Mwandishi wa programu haoni ngeli yoyote, lakini chini kwa chini mashine huchunguza vitu vilivyotokana na kitu kimoja, huona kwamba vina sifa zilezile kwa mpangilio uleule, na huviwekea ramani moja ya pamoja inayoonyesha kila sifa iko wapi. Kitu kikiongezewa sifa, kinahamishiwa ramani nyingine. Uhuru wa Lisp ukabaki juu, na mpango wa Simula ukarudi kupitia mlango wa nyuma.

Hapo tunahamia kwenye wavuti. Mnamo Mei 1995 Brendan Eich, wa kampuni ya Netscape, alipewa kazi ya kutengeneza lugha ya kuandikia kurasa za kivinjari, akaimaliza rasimu yake ya kwanza kwa siku 10. Wakubwa wake walitaka ifanane na Java kwa sura. Ndani, hata hivyo, alitia mambo mawili aliyoyapenda: amri kwa mtindo wa Scheme, ambayo ni mtoto wa Lisp, na vitu kwa mtindo wa Self, vyenye mzazi badala ya ngeli. Hiyo ndiyo JavaScript. Humo mtu akiandika mwanafunzi.alama = 67, na mwanafunzi huyo hakuwa na sifa iitwayo alama, lugha hailalamiki; inaibandika palepale.

Python ilikuwa imefika kwenye desturi hiyohiyo kwa njia nyingine. Guido van Rossum alianza kuiandika Amsterdam mwishoni mwa mwaka 1989 na kuitoa mwaka 1991. Kwa kawaida kila kitu cha ngeli iliyoandikwa na mtumiaji hubeba kamusi yake ndogo, na hili si tashibihi yetu. Ndivyo lugha yenyewe inavyoiita. Vidahizo ni majina ya sifa, na fasili ni thamani zake. Kuongeza sifa ni kuongeza kidahizo. Wenzetu wanaofundisha leksikografia watafurahi kusikia kwamba ndani ya programu moja ya Python zinaweza kuwamo kamusi milioni moja, kila moja ikiwa na maneno matatu au manne. (Namba na maandishi ya kawaida ya lugha hiyo hayabebi kamusi na hayakubali kuongezwa chochote, jambo ambalo huwashangaza wanaoanza.)

Urahisi huu una bei, na wanaofundisha programu wanaijua. Mwandishi aliyekusudia kurekebisha mwanafunzi.alama akaandika mwanafunzi.alma = 76 hapati onyo. Kompyuta inadhani ameomba sifa mpya, inampa. Sasa mwanafunzi ana alama 67 na alma 76, ripoti inachapishwa na 67, na aliyekosea anaweza kuitafuta hitilafu hiyo siku nzima. Katika Simula angeambiwa mara moja. Hatuoni haja ya kulificha: kwa kazi zinazogusa fedha au matokeo ya mitihani ya watu, sisi tungependelea ukali wa Oslo.

Kwa miaka 13 JavaScript ilibaki na sifa mbaya ya uvivu. Mambo yaligeuka Septemba 2008, Google ilipotoa kivinjari cha Chrome kikiwa na mtambo mpya wa kuendeshea JavaScript ulioitwa V8. Mtambo huo ulitengenezwa Aarhus, Denmark, chini ya Lars Bak, mtu aliyekuwa kwenye kundi la Self huko Sun. Ramani za mwaka 1989 zilirudi, safari hii zikiitwa ngeli za siri. Kitu kitupu huanza na ngeli ya siri isiyo na sifa. Kikipewa jina, kinahamia ngeli nyingine inayosema jina liko mahali pa kwanza. Kikipewa umri, kinahamia ya tatu. Kitu kingine kikifuata njia ileile kwa mpangilio uleule, kinakutana na chenzake kwenye ngeli hizohizo, na mashine inavishughulikia kwa kasi moja. Lakini kikipewa umri kwanza ndipo jina, kinashika njia nyingine ingawa machoni pa mwandishi vitu hivyo viwili havina tofauti. Na kitu kinachoongezewa na kupunguziwa ovyo huishia kunyang'anywa ngeli na kupewa kamusi, yaani kurudishwa kwenye mwendo wa polepole. Python nayo iliazima wazo la jirani mwaka 2012 katika toleo la 3.3: vitu vya ngeli moja vikaanza kushirikiana orodha ya vidahizo, kila kimoja kikibaki na thamani zake tu, na kumbukumbu nyingi ikaokolewa.

Mpaka hapo tumezungumzia gharama kwa mashine. Iliyotatiza zaidi ni gharama kwa majirani, kwani ukurasa wa wavuti ni kama ua wa nyumba nyingi: vitu vya kivinjari hutumiwa na kila programu iliyomo, na anayebandika sifa juu yake anabandika kwa niaba ya wote.

Mwaka 2005 Sam Stephenson alitoa mkusanyiko wa amri za JavaScript uitwao Prototype, ambao uliongeza matendo mengi juu ya vitu vya kivinjari vyenyewe. Uandishi ulikuwa mtamu. Miongoni mwa yaliyoongezwa ni tendo la kutafuta sehemu za ukurasa kwa jina la kundi lake, nalo lilileta jibu lililokuwa na nyongeza za Prototype ndani yake. Kisha vivinjari vikaanza kuleta tendo lao wenyewe lenye jina hilohilo, Firefox 3 kikiwa mojawapo mwaka 2008, na jibu lake halikuwa na nyongeza hizo. Kurasa zilizotegemea tabia ya zamani zikakwama bila mwenye ukurasa kugusa herufi. Jina lilikuwa limepangishwa kwa wawili. John Resig, mwenye jQuery ya mwaka 2006, alikuwa ameshika njia ya tahadhari tangu mwanzo: hakubandika chochote juu ya kitu cha kivinjari, alikizungushia ganda lake na kuweka nyongeza zote kwenye ganda.

Kisa mashuhuri zaidi ni cha mwaka 2018. Kamati inayotunza kiwango cha JavaScript ilitaka kuwapa watu wote tendo la kunyoosha orodha yenye orodha ndani yake, na jina lililopendekezwa lilikuwa flatten. Kumbe mkusanyiko mwingine wa zamani, MooTools, ulikuwa umekwisha kubandika tendo la jina hilo juu ya orodha zote, miaka mingi nyuma. Firefox ya majaribio ilipoweka tendo jipya, angalau tovuti moja iliyokuwa bado inatumia MooTools iliharibika. Sababu ni ndogo mno: MooTools ilipitia sifa za orodha moja moja ili izinakili mahali pengine, na sifa za asili za kivinjari hazionekani katika kupitia huko, basi tendo halikunakiliwa. Mmoja wa wanakamati alipendekeza kwa mzaha tendo hilo liitwe smoosh, na mzaha wake ukazusha zogo kubwa mtandaoni. Wapo waliosema wavuti ivunjwe, na wenye tovuti za zamani wajitegemee. Kamati ilikataa. Mei 2018 ilichagua jina flat, nalo ndilo lililoingia katika kiwango cha mwaka 2019. Haikuwa mara ya kwanza: tendo la kuuliza kama orodha ina kitu fulani linaitwa includes badala ya contains kwa sababu ya MooTools hiyohiyo.

Sisi tunaona kamati ilitenda haki. Msomaji wa Bujumbura au wa Mbarara anayefungua ukurasa ulioandikwa mwaka 2008, ambao mwandishi wake ameshauacha, hana mtu wa kumwomba aurekebishe.

Mwaka huohuo wa 2018 upande wa hatari ulijulikana zaidi. Katika mkutano wa usalama wa kompyuta wa NorthSec, Montreal, Olivier Arteau alionyesha jinsi programu zinavyoweza kushambuliwa kupitia mzazi wa vitu vyote. Programu nyingi hupokea majina na thamani kutoka kwa mtumiaji na kuzinakili ndani ya kitu bila kuuliza. Mshambulizi akituma, mahali pa jina la sifa, lile jina la pekee linaloelekeza kwa mzazi, sifa yake haibandikwi kwenye kitu kimoja bali kwa babu wa wote, na kuanzia hapo kila kitu ndani ya programu huonekana kuwa nayo. Sifa hiyo ikiwa ni "msimamizi: ndiyo", msomaji anaweza kukisia yanayofuata. Mikusanyiko inayotumiwa na watu wengi, ikiwamo lodash na jQuery, ililazimika kuzibwa mwaka 2019.

Kufuli zilikuwapo tangu zamani, ingawa wachache walizitumia. Python 2.2 ya mwaka 2001 iliruhusu ngeli kutaja orodha ya sifa zake na kuvinyima vitu vyake kamusi. Kiwango cha JavaScript cha Desemba 2009 kilileta amri tatu za viwango tofauti: ya kuzuia kitu kisiongezewe, ya kuzuia kisiongezewe wala kupunguziwa, na ya kukigandisha kabisa. Ruby, lugha ya Mjapani Yukihiro Matsumoto ambayo nayo huacha ngeli wazi kama Smalltalk, iliongeza mwaka 2013 njia ya kufanya nyongeza zionekane ndani ya faili moja tu, zisivuke ua.

PHP ndiyo iliyokwenda mbali zaidi, nayo ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa huria kupita kiasi. Katika toleo la 8.2, lililotoka Desemba 2022, kukibandikia kitu sifa ambayo ngeli yake haikuitaja kulianza kutolewa onyo, na watunzaji wake waliamua kwamba katika toleo kuu la 9 onyo hilo liwe kosa la kusimamisha programu. Anayetaka kuendelea na desturi ya zamani anaandika juu ya ngeli yake alama maalumu ya kuruhusu. Ngeli ya asili iitwayo stdClass, ambayo haina sifa yoyote ya kuzaliwa nayo, iliachwa huru kama ilivyokuwa, pamoja na zinazorithi kutoka kwake.